Mfupa Umepona, Lakini Je, Nguvu Imerudi?

Mwezi huu sitaandika juu ya mitihani wala utoro wa watoto shuleni kama nilivyozoea. Nataka niwaeleze jambo lililotokea nyumbani kwetu mwaka jana. Nimeomba ruhusa kwa mwenyewe, naye akanijibu: "Andika, labda itasaidia mtu. Ila jina langu liache." Kwa hiyo nitamwita yaya, maana ndivyo ninavyomwita kila siku. Ni kaka yangu mkubwa.

Yaya ni mtu wa tofali. Anachimba udongo, anaukanyaga kwa miguu, anafyatua kwa kalibu, anapanga, anafunika na majani. Siku za mgawo anabeba pia magunia ya watu, hasa ya wazee na akina mama wasioweza kujibebea. Hana kazi ya ofisi. Mgongo wake na shingo yake ndo shamba lake. Ana mke na watoto 4, na mama yetu mzee anakaa kwake. Kwa hiyo yaya akilala siku moja tu bila kufanya kazi, nyumba nzima inajua.

ILIVYOTOKEA

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa 6. Mvua zimekwisha, udongo shimoni bado una unyevu mzuri. Kila mtu wa tofali anajua huo ndo mwanzo wa msimu. Ukiukosa mpaka mvua zirudi kwenye mwezi wa 10 au wa 11, umekosa mwaka.

Alikuwa anapanda kutoka shimoni na beseni la udongo begani. Mguu ukateleza, akaanguka kifudifudi, kidevu kikapiga kwenye ukingo wa kalibu ya mbao. Alinyanyuka mwenyewe, akatema damu, akasema hamna shida. Tena akaendelea na kazi! Jioni shemeji alipoleta muhogo wa kuchemsha ndo tukaona mambo. Yaya alishindwa kuuma. Alisema: "Meno yangu hayakutani. Ni kama mtu amenipa meno ya mwingine."

Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Mtu akianguka au akipigwa kwenye kidevu, halafu meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, au mdomo wa chini unakufa ganzi, au fizi imepasuka katikati ya meno na inatoa damu, hiyo si habari ya kukanda na maji moto nyumbani. Taya la chini limepinda kama upinde. Likipigwa mahali pamoja, mara nyingi linavunjika sehemu mbili, pale lilipopigwa na upande mwingine kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yaya. Picha ilionyesha limevunjika mbele karibu na kidevu upande wa kulia, na tena nyuma upande wa kushoto, pale kwenye pembe chini ya sikio.

Alipata rufaa kwenda hospitali kubwa nje ya kambi, akafanyiwa operesheni. Waliweka vibati vidogo vya chuma na skrubu kushika mfupa, halafu wakafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa nyaya. Wiki 4 asifungue kinywa.

KINYWA KIMEFUNGWA, TUMBO HALIJAFUNGWA

Siku ya kwanza aliporudi nyumbani, mtoto wake wa mwisho alicheka, akadhani baba anafanya mchezo. Siku ya pili akalia, kwa sababu baba hamwiti jina lake. Yaya aliongea kwa kubana meno kama mtu mwenye hasira. Watoto wakaanza kumkwepa, hilo lilimuumiza kuliko kidonda.

Chakula ndo ilikuwa vita kubwa. Mtu wa kazi ngumu amezoea ugali na sombe, sahani inajaa mlima. Sasa anakunywa tu, chakula kinapita kwenye nafasi ndogo kati ya meno na shavu. Shemeji alijifunza haraka. Uji alitia unga wa karanga na mafuta kidogo. Maharage aliyapika mpaka yakavunjika, akayaponda, akayachuja kwa kitambaa safi. Dagaa alisaga wakawa unga, akakoroga kwenye mchuzi. Parachichi likipatikana, analiponda na maziwa. Alimpa kidogo kidogo, mara 6 au 7 kwa siku, kwa sababu mtu wa kunywa anashiba upesi na njaa inarudi upesi vilevile.

Pamoja na juhudi hizo zote, yaya alipungua. Alikuwa na kilo 64 kabla ya kuanguka. Siku ya kutoa nyaya mzani ulisoma 57. Kilo 7 zimekwenda, na kwa mtu wa kazi yake hayo si mafuta, ni misuli. Kumbuka namba hiyo, nitairudia.

Usafi nao una kazi yake. Kila baada ya kunywa chakula alisukutua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa glasi, halafu mswaki laini taratibu juu ya nyaya. Uchafu ukikaa pale, kidonda kinaoza, na mfupa hauungi.

Kitu kingine, karibu na kitanda chake ilining'inia plaizi ya kukatia waya. Hospitali walituonyesha nyaya zipi za kukata akishindwa kupumua. Walisema akitapika ainame mbele, kichwa chini, aache matapishi yatoke yenyewe, na plaizi ni ya hatari tu. Kwa sababu hiyo pia walimkataza pombe kabisa. Mlevi aliyefungwa kinywa akitapika usingizini, hakuna wa kumwokoa. Sigara nayo walikataza, inachelewesha mfupa kuunga.

SIKU YA MGAWO

Wiki ya 3 ilikuwa na siku ya mgawo. Bibi mmoja jirani yetu hakuwa na wa kumbebea. Yaya akasema: "Miguu yangu haina shida. Mabega yangu hayana shida. Ni kinywa tu." Akaweka gunia la kilo 50 begani, akaanza kutembea.

Hakufika mbali. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona anasimama, anayumba, anatupa gunia chini. Uso umejaa jasho, macho yametoka. Hewa haitoshi! Ndugu zangu, hebu fikirieni. Mtu akibeba mzigo mzito au akikimbia, pua peke yake haitoshi, anafungua kinywa avute hewa. Yaya hakuwa na kinywa cha kufungua. Alikaa chini ya mti karibu nusu saa, anapumua kwa pua kama mtoto mwenye mafua. Gunia la bibi nililibeba mimi, kwa shida, si mnajua mwalimu amezoea chaki.

Baada ya hapo hakubisha tena, mpaka nyaya zilipotoka.

KOSA LANGU

Sasa nafika mahali ambapo si pazuri kwangu. Wakati yaya haendi kazini, nyumba ile ilitegemea chakula cha mgawo na kile kidogo ninachopata kwa kujitolea shuleni. Shemeji alikopa sabuni na mafuta dukani. Mama aliuza kitenge chake kizuri. Mimi nilikuwa naona pesa yangu inaisha kabla haijafika mkononi, na roho yangu ikawa fupi.

Nyaya zilipotolewa, yaya akarudi anafungua kinywa kidogo, anacheka upande mmoja. Tulifurahi sana. Daktari alikuwa amemwambia apumzike kwanza, ale vyakula laini, asibebe kitu kizito mpaka arudi kuangaliwa. Lakini mimi nilimwambia hivi, na maneno hayo nayakumbuka: "Yaya, nyaya zimetoka, sasa unangoja nini? Msimu unakwisha."

Hakunijibu. Kesho yake asubuhi nilimkuta hayupo. Amekwenda shimoni.

Alifanya kazi siku nzima. Kukanyaga, kubeba, kufyatua. Usiku shavu la kushoto lilivimba, akashindwa hata kufungua kinywa kuingiza kijiko. Maumivu yalipanda mpaka sikioni. Hakulalamika, alitazama tu ukutani. Shemeji alinitazama mimi. Hakusema kitu, lakini nilielewa amesikia nilichosema siku ile.

Asubuhi tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamrudisha hospitali. Tulibahatika, vibati vilikuwa mahali pake. Ila daktari alikuwa mkali. Alituuliza: "Mnafikiri mtu anabeba kwa mikono tu?" Akatuambia tujaribu wenyewe. Wewe msomaji pia jaribu leo jioni. Nyanyua dumu la lita 20 lililojaa maji, halafu sikiliza kinywa chako. Utaona umebana meno bila kujua. Misuli ile ya mashavu ni kati ya misuli yenye nguvu mwilini. Kila unaponyanyua mzigo inavuta taya, na taya la yaya lilikuwa bado halijakomaa. Mfupa unashika kwa wiki 6 hivi, lakini kukomaa kwake kunaendelea miezi kadhaa.

Yaya ndiye alielewa kuliko sisi wote, kwa lugha yake. Njiani tukirudi aliniambia: "Mdogo wangu, ni kama tofali. Siku ya 3 ukiligusa nje ni kavu. Ukilivunja, ndani bado ni tope. Ukiliingiza tanuru siku hiyo, linapasuka. Mimi nilikuwa kavu nje." Nikamwomba msamaha pale pale barabarani. Alinipiga bega, akasema twende.

NGAZI YA MADUMU

Alipokwenda tena kuangaliwa, kwenye wiki ya 7 tangu operesheni, daktari aliruhusu aanze kazi, lakini kwa ngazi, yaani apande kidogo kidogo. Tatizo, kidogo kidogo ni kiasi gani? Nyumbani hatuna mizani. Hapo ndo ualimu wangu ulisaidia. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo madumu yetu ya maji ndo mizani yetu.

Tulipanga hivi. Wiki ya kwanza dumu la lita 5, kutoka bombani mpaka nyumbani, mara chache kwa siku. Wiki ya pili lita 10. Kisha dumu la 20 lenye maji nusu na robo, ndo lita 15. Mwisho 20 kamili. Anapanda ngazi tu kama usiku hakuna uvimbe, hakuna maumivu mapya, na asubuhi meno yanakutana kama jana. Kukiwa na shida, anashuka ngazi moja, haoni aibu.

Jambo la pili, kuhesabu kwa sauti. Kila anaponyanyua, anahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana meno wala kuzuia pumzi. Watoto walipenda mchezo huo. Walimfuata bombani wanahesabu naye, na yule mdogo aliyekuwa analia ndiye alipiga kelele kuliko wote. Majirani walitucheka, wakasema familia ya mwalimu imekuwa darasa.

Jambo la tatu, mazoezi ya kinywa. Mtu mzima mwenye taya zima anaweza kuingiza kati ya meno ya mbele vidole vyake 3 vilivyopangwa juu kwa juu. Yaya alianza na kidole 1 kwa shida. Kila siku, mara kadhaa, anafungua taratibu mpaka panapovuta, anashika kidogo, anafunga. Vidole 2 alivifikia baada ya wiki 3. Bila mazoezi haya taya linakakamaa, na mtu anabaki mfungwa hata nyaya zikiwa zimetoka.

Na zile kilo 7? Zilirudi polepole kuliko mfupa. Hiki ndicho watu wengi hatujui. Mfupa unaweza kuwa umeunga, lakini mtu amekonda, miguu inatetemeka, kizunguzungu kinamshika juani. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeteleza tena shimoni, na akianguka mara ya pili kwenye taya lile lile, ni hatari zaidi. Kwa hiyo chakula ni sehemu ya kurudi kazini. Alianza na ugali laini na mchuzi, maharage ya kuponda, yai, ndizi. Muhogo mkavu, mahindi ya kuchoma na miwa vilingoja.

KIKUNDI KILIFANYA NINI

Yaya alikuwa na hofu nyingine. Wakati anaumwa, kijana mmoja alichukua nafasi yake kwenye kalibu. Na sisi tunajua, kambini nafasi ikichukuliwa hairudi kirahisi.

Kikundi chao kilikaa wakazungumza. Si wote walikubaliana, niseme ukweli. Mmoja alisema: "Sisi tubebe udongo, yeye abebe nini?" Hana makosa, naye ana watoto. Mzee wa kikundi akauliza: "Nani hapa hajawahi kuumia?" Wakanyamaza. Wakaamua yaya aje, afanye kazi zisizo na uzito: kuhesabu tofali, kuzigeuza zikauke pande zote, kuzifunika na majani, kutazama mbuzi wasipite juu yake. Apate nusu ya fungu mpaka apone. Kijana akae kwenye kalibu msimu huo, na yaya amfundishe.

Nusu ya fungu si nyingi. Lakini ilimaliza deni la sabuni, na zaidi ya hapo yaya alipata mahali pa kwenda asubuhi. Mwanaume aliyezoea kazi akikaa nyumbani wiki nyingi anaanza kuoza moyoni kabla ya mwili. Shemeji aliniambia siku ile ya kwanza aliporudi jioni na udongo miguuni, alikoga akiimba, kwa kinywa kile kile kisichofunguka vizuri.

Mwanzo wa mwezi wa 9, karibu miezi 3 tangu operesheni, alibeba gunia la kwanza la kilo 50. La nani? La yule yule bibi jirani. Alihesabu kwa sauti njia nzima. Msimu alipata kipande chake cha mwisho, siyo wote. Deni la mafuta dukani tumelimaliza mwaka huu. Kitenge cha mama bado hatujanunua kingine.

Mpaka leo mdomo wake wa chini upande wa kulia una ganzi kidogo, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa ule. Uji wa moto anapima kwanza kwa kidole, asije akaungua bila kujua. Na baridi ya mwezi wa 7 inamkumbusha mahali pa vibati. Zaidi ya hapo ni mzima, na kelele yake inasikika mpaka nyumba ya tatu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa mgonjwa:
1. Kila mtu na taya lake. Muda na ngazi ulizopewa na daktari wako ndo zako, usifuate za jirani wala za yaya.
2. Kinywa kikiwa kimefungwa, hakuna kubeba mizito wala kukimbia. Hewa haitoshi.
3. Usinywe dawa ya maumivu ili uweze kubeba. Maumivu ni mlinzi, ukimlaza usingizi mwizi anaingia.
4. Mpira na michezo ya kugongana iache mpaka daktari aruhusu. Mara nyingi ni miezi 3 au zaidi.
5. Rudi hospitali haraka ukiona usaha, homa, uvimbe unaoongezeka, meno yameacha kukutana, au kinywa kinazidi kufunga badala ya kufunguka.

Kwa familia:
1. Mpeni chakula cha kunywa mara nyingi, chenye karanga, maharage, maziwa au mafuta. Uji mtupu haujengi mtu.
2. Msimwambie: "Unangoja nini?" Mimi nilisema, na nililipa.

Kwa wanaofanya kazi naye:
1. Mtafutieni kazi nyepesi, hata ya fungu dogo. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

Wapendwa, wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na sisi tunafundisha methali hiyo watoto darasani kila mwaka. Mimi niliifundisha nikaandika ubaoni, kisha nikaenda nyumbani nikamsukuma ndugu yangu shimoni. Kama kwako yuko mtu ametoka operesheni, ya taya, ya mguu au ya tumbo, jioni hii kaa naye, umuulize amefika ngazi ya ngapi. Usimuulize atamaliza lini.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea habari za mitihani.